Kinengenenge wa Pemba na wa Kilimanjaro: ni mlima au ni bahari?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sayansi wa skuli moja ya Wete. Alikwenda Kilimanjaro na walimu wenzake, wakapanda kwa njia ya Marangu mpaka kituo cha Mandara, na msituni huko akaliona kundi la vinengenenge, wale ndege wadogo wenye duara jeupe machoni. "Wa kule wamekolea ukijani," anaandika, "duara jeupe la jicho ni pana mno, na nadhani hata umbo ni kubwa kuliko hawa wetu wa njano wanaorukaruka mikarafuuni. Niliporudi niliwahadithia wanafunzi, wakasema ni baridi ya mlimani iliyowafanya hivyo. Ni kweli? Na tukiwalinganisha ndege wa vilimani na wa mikokoni hapa hapa Pemba, tutaona tofauti za namna hiyo? Kuna mmoja kauliza pia: kinengenenge wa Kilimanjaro akiletwa huku, atageuka njano?"

Mwalimu, baridi imo kwa wale wa Kilimanjaro, lakini haitoshi kueleza kila ulichokiona. Kwa hawa wetu haimo kabisa. Kilichomfanya kinengenenge wa Pemba awe alivyo ni bahari. Hilo la mikokoni na vilimani msilitarajie sana, ingawa kazi yenyewe inafaa kufanywa, na nitakueleza namna ya kuifanya isiwapoteze.

Tuanze na mwinuko wenyewe. Ndege hajui mita. Anajua baridi, anajua hewa ikiwa nyepesi, anajua siku ngapi za mwaka kuna wadudu wa kulisha makinda, anajua ni mti gani unaota pale alipo. Mita kutoka usawa wa bahari ni kipimo chetu sisi cha kuyafunga mambo hayo yote pamoja, kwa sababu mlimani huwa yanakwenda pamoja. Basi kila mtu akikwambia ndege fulani amebadilika "kwa sababu ya mwinuko," muulize: kwa lipi katika hayo?

Kwa wastani joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 na nusu kila ukipanda mita 1,000. Mandara ni mita 2,720. Hapo umeshapoteza zaidi ya nyuzi 15 ukilinganisha na gatini Wete, na shinikizo la hewa limepungua kwa zaidi ya robo. Kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Sasa tazama kwetu. Ukingo wa Masingini, ndio mgongo wa Unguja, una mita kama 120. Pemba kwa vilima vyake vyote, kupanda na kuteremka kutoka Mkoani mpaka Konde, haina kilima kinachofika hata mita 150. Mita 120 zinakupunguzia joto chini ya nyuzi moja, na hewa kwa asilimia moja na kidogo. Ukiondoka juani ukakaa chini ya mwembe umepata mabadiliko makubwa kuliko hayo, na ndege anaweza kufanya safari hiyo mara mia kwa siku. Vilevile, kinengenenge wa kilimani na wa mikokoni hapa Pemba hawatengani: kundi linaloamkia mikarafuuni linaweza kuwa ufukweni kabla ya adhuhuri. Ili tofauti ya kurithi ijengeke baina ya juu na chini, lazima mazingira yatofautiane kwa nguvu, au ndege wa juu na wa chini waache kuzaliana, au yote mawili kwa kiasi fulani. Sisi hatuna hata moja.

Mlimani yapo. Na hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ushahidi ni mwingi na mzuri.

Mfanyie kila mwanafunzi jambo hili. Mpe unyoya mmoja wa kuku, wa kifuani au wa mgongoni, si wa bawa. Autazame kutoka ncha mpaka shina. Sehemu ya juu ni bapa, nyuzi zake zimeshikana, ukizitenganisha kwa kidole kisha ukazipapasa kuelekea nchani zinashikana tena. Hiyo ndiyo inayozuia maji na upepo. Sehemu ya chini, iliyokuwa imefichika karibu na ngozi, haishikani: ni laini, imetawanyika, ukiipuliza inacheza. Kazi yake ni kunasa hewa, na hewa iliyonaswa ndiyo blanketi la ndege. Wapime kwa rula: katika urefu wote wa unyoya, laini ni kiasi gani? Hicho ndicho walichokipima watafiti wa jumba la makumbusho la Smithsonian huko Marekani kwa ndege waimbaji wa milima ya Himalaya, spishi 249. Wakakuta kwamba wa juu wana sehemu kubwa zaidi ya unyoya iliyo laini kuliko wa chini. Na ndege wadogo, ambao miili yao hupoteza joto haraka, wana manyoya marefu kuliko unavyotarajia kwa umbo lao. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu kinagusa baridi moja kwa moja. Hakuna haja ya kukisia.

Mdomo nao ni mlango wa joto. Hauna manyoya, ndani yake mna mishipa ya damu, na ndege mwenye joto huupelekea damu nyingi ili apoe. Ndiyo maana katika jamii nyingi za ndege, wanaokaa penye baridi wana midomo mifupi kuliko ndugu zao wa penye joto. Lakini hapa mwalimu awe mwangalifu. Mdomo kwanza ni chombo cha kulia. Mdomo wa chozi, yule ndege mdogo anayenyonya mbochi, maji matamu ya maua, umepindwa na ua kabla ya kupindwa na hali ya hewa. Ukikuta chozi wa mlimani ana mdomo mrefu, usiseme kanuni imevunjika, tazama ua.

Ama hilo la umbo kubwa, kanuni ya zamani yasema wanyama wa penye baridi huwa wakubwa, kwa kuwa mwili mkubwa hupoteza joto polepole kulingana na uzito wake. Kwa jumla ni kweli ukitoka nchi za joto kwenda nchi za baridi. Kwa kupanda mlima, hasa milima ya ukanda wetu huu, matokeo yamechanganyika: spishi nyingine hukua, nyingine hazibadiliki, nyingine hupungua. Mimi siitegemei sana. Na ndege aliyejivimbisha manyoya asubuhi ya baridi huonekana mkubwa hata kama uzito wake ni ule ule, kwa hiyo jicho peke yake si shahidi hapo.

Hewa nyepesi ina athari zake. Bawa linasukuma hewa, na hewa ikiwa pungufu bawa linapata pungufu la kusukuma, kwa hiyo spishi kadhaa za juu zina mabawa marefu zaidi kulingana na uzito. Ndani ya damu kuna himoglobini, ile inayobeba oksijeni, na kwa baadhi ya ndege wa nyanda za juu sana himoglobini imebadilika kijeni ikawa inaishika oksijeni kwa nguvu zaidi.

Lakini si kila mabadiliko yamo kwenye jeni. Yuko shomoro mmoja wa Amerika ya Kusini, mwenye ukosi wa rangi ya kutu, anayeishi kutoka ufukweni mwa Peru mpaka zaidi ya mita 4,000 katika milima ya Andes. Watafiti walilinganisha jeni zipi zinafanya kazi kwa wa juu na zipi kwa wa chini, wakakuta tofauti nyingi. Kisha wakawateremsha wote, wakawaweka pamoja usawa wa chini, wakapima tena. Tofauti zilikwisha. Maana yake miili ilikuwa ikijirekebisha kulingana na mahali, kama wewe mwenyewe ulivyopumua kwa tabu siku ya kwanza Mandara kisha ukazoea. Hilo ni swali ambalo kila anayesoma jambo hili lazima ajiulize: ndege huyu kazaliwa hivi, au kageuzwa na mahali alipo? Kwa kumtazama tu tawini huwezi kujua.

Tabia ndizo zinazonifurahisha zaidi, kwa sababu ndizo ambazo watu hawazitarajii. Katika milima ya Rocky huko Kanada, karibu na Jasper, kuna ndege mdogo wa kijivu aitwaye junko. Wengine wanazalia kama mita 1,000, wengine kama mita 2,000. Wa juu msimu wao ni mfupi: theluji inachelewa kuondoka na inawahi kurudi. Wa chini huatamia zaidi ya mara moja kwa msimu. Wa juu hawana nafasi hiyo, wanapata watoto wachache kwa mwaka. Ungefikiri basi hao wa juu ni masikini wanaokaribia kwisha. Sivyo. Makinda yao hutoka yakiwa na afya bora, na wazazi huishi miaka mingi zaidi. Wamepunguza kuzaa, wakaongeza kuishi. Huko kupunguza kuzaa kumeonekana kwa ndege wengi wa milimani duniani, na mara nyingi baba naye hulisha makinda zaidi kuliko mwenzake wa bondeni.

Kisa cha pili ni cha California, milima ya Sierra Nevada. Chikadi wa mlimani, ndege asiyezidi kiganja, huficha mbegu moja moja wakati wa neema, maelfu kwa maelfu, nyuma ya magamba ya miti na kwenye nyufa, kisha wakati wa theluji huzirudia. Wa mita 2,400 wana kipupwe kirefu na kikali kuliko wa mita 1,800. Walipojaribiwa, wa juu walificha zaidi na wakakumbuka vizuri zaidi walikoficha. Ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za mahali, hipokampasi, ilikuwa kubwa zaidi kwao na yenye seli nyingi zaidi za neva. Baadaye jeni nazo zilipochunguzwa, uhusiano na uwezo huo wa kukumbuka ulionekana. Tofauti ya mita 600 tu! Asiyekumbuka huko juu hufa kwa njaa kabla ya majira kugeuka, hazai, na usahaulifu wake unakwisha naye.

Na hapo utaona kwa nini mita 600 za Sierra Nevada si sawa na mita 600 za kwetu, seuze 120. Kule zinaongeza theluji na njaa. Masingini zinaongeza upepo kidogo.

Turudi Afrika Mashariki. Kilimanjaro ungeendelea kupanda mpaka Horombo, mita 3,720, ungemkuta chozi mwingine: dume lenye mkia mrefu, kijani cha kumeta, na vishungi vyekundu kifuani. Anaishi na malobelia makubwa, yale yaliyosimama kama minara kwenye nyika ya baridi, na dume huyo hulinda kiwanja chake cha maua dhidi ya madume wengine. Ulinzi wa maua kwa chozi ni hesabu. Huko Naivasha, Kenya, Frank Gill na Larry Wolf walichapisha mwaka 1975 uchunguzi wao juu ya chozi mwenye mabawa ya dhahabu: walipima mbochi iliyomo ndani ya ua, wakapima nguvu anazotumia ndege kukaa, kuruka na kufukuza, wakaonyesha kwamba kulinda kunalipa pale tu mbochi inayookolewa inapozidi nguvu inayopotea. Maua yakizidi wingi, hana sababu ya kupigana. Yakiwa haba mno, hakuna cha kupigania. Chozi wa Pemba anayemfukuza mwenzake kwenye maua ya uani kwenu anafanya hesabu hiyo hiyo, ila yeye halazimiki kuhifadhi nguvu za kuvuka usiku wa barafu. Hili wanafunzi wanaweza kuliona kwa macho: siku ambazo mti umechanua kupita kiasi ugomvi hupungua.

Na wapo ndege wasiokubali kukaa juu mwaka mzima. Usambara na milima mingine ya mashariki ya Tanzania, wakati wa kipupwe, baadhi ya ndege wa msitu wa juu huteremka mpaka misitu ya chini karibu na pwani, kisha hupanda tena kuzaliana. Mmojawapo ni yule mdogo wa kifua cha njano mwenye kichwa cha buluu ya majivu na doa jeupe kooni kama nyota. Kwa hiyo mtu akipima ndege wa bondeni mwezi wa Julai anaweza kuwa anawapima wageni wa mlimani bila kujua. Halafu, katika miongo minne iliyopita, watafiti waliorudia njia zile zile za Usambara wamekuta spishi kadhaa za msitu wa juu zimeacha sehemu za chini za eneo lao na kusogea juu, kwa sababu joto linapanda. Hao wakifika kileleni hawana pa kwenda.

Sauti nimeiacha mwisho kwa sababu wengi huielewa kinyume. Watu hudhani ndege wakikaa vilele tofauti, nyimbo zao lazima zitengane polepole, mwaka hadi mwaka. Kwenye milima yetu kuna kundi la machozi wa milimani wanaofanana sana, kila jamii kwenye vilele vyake, nao nyimbo wanajifunza kwa kusikiliza wakubwa, hawazaliwi nazo. Zilipolinganishwa rekodi zao na historia yao ya jeni, ilionekana baadhi ya jamii zilizotengana kwa muda mrefu mno bado zinaimba karibu sawasawa, na nyingine zimeruka ghafla zikawa na wimbo mwingine kabisa. Muda wa kutengana haukutosha kueleza wimbo. Basi wanafunzi wako wakisikia chozi wa kilimani na wa pwani wanaimba tofauti, wasikimbilie vilima. Huenda ni madume wawili tu, kila mmoja na mwalimu wake.

Sasa vinengenenge wako. Milima ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro, Pare, vilima vya Taita, mingine ya Kenya, ina vinengenenge wa msitu wa baridi: wakubwa kidogo, rangi nzito, duara la jicho pana. Nyanda kavu baina ya milima hiyo zina wa kwao, wadogo na waliopauka. Zamani ilionekana wazi kwamba wote wa milimani ni ndugu wa karibu, kwa kuwa wanafanana. Jeni zimekanusha. Baadhi ya wale wa mlimani wana undugu wa karibu zaidi na vinengenenge wa chini kuliko na wenzao wa mlima wa jirani. Kufanana kwao kumetokea zaidi ya mara moja, kila kundi kwa njia yake, katika misitu yenye baridi na ukungu. Kwa hiyo wanafunzi wako wana haki yao: mazingira ya mlimani yanaelekea kuwasukuma vinengenenge upande mmoja. Lakini mlima haukufanya kazi hiyo kwa baridi peke yake. Ulifanya pia kwa kuwatenga. Msitu wa juu umezungukwa na nyika kavu, na ndege wa msitu wa baridi haikatizi kirahisi.

Na hilo la kutengwa ndilo linalotuleta Pemba. Tunavyozungukwa na maji sisi, kilele cha Taita kimezungukwa na nyika. Mkondo baina ya Pemba na bara una kina cha mita mia kadhaa. Hata bahari iliposhuka enzi za barafu, haukukauka. Unguja ni habari nyingine. Mkondo wake na bara ni mfupi wa kina, na bahari iliposhuka palikuwa na nchi kavu, wanyama wakipita. Matokeo unayajua hata kama hukuyahesabu: Unguja haina spishi hata moja ya ndege iliyo yake peke yake, na Pemba inazo nne, kinengenenge, chozi, ninga na bundi mdogo. Zote nne ziko kwenye kisiwa ambacho kilima chake kirefu hakipiti mnara mrefu wa simu kwa mengi.

Kinengenenge wetu alipewa jina la kisayansi la vaughani, na ukimtazama karibu utaona njano yake imeenea mwili mzima, imechangamka, duara la jicho jembamba. Anaishi kila mahali: mikarafuuni, bustanini, vichakani, msituni Ngezi, ukingoni mwa mikoko. Hili la kuishi kila mahali nalo ni tabia ya kisiwani. Bara kuna spishi nyingi zinazogombea wadudu na matunda madogo, kila mmoja kabanwa kwenye nafasi yake. Pemba wagombea ni wachache, basi aliyepo anajipanua. Mtu akitaka kujua kisiwa kimemfanya nini kinengenenge, aanzie kwenye upana huo wa makazi.

Kazi ya skuli basi. Mkitaka kulinganisha juu na chini, chagueni sehemu mbili zenye miti inayofanana, kwa mfano mikarafuu ya kilimani na mikarafuu ya karibu na pwani, si msitu wa kilimani na mikoko ya ufukweni. Mkilinganisha msitu na mikoko mtapata tofauti kubwa sana na mtaiita mwinuko, kumbe ni miti. Nendeni sehemu zote mbili saa ile ile, baada tu ya alfajiri, wiki ile ile. Rikodini kwa simu, mkaandike jua, mawingu na upepo. Upepo ni adui wa kazi hii: wakati wa kusi ukivuma kweli, ndege wa ukingoni huimba kidogo au nyinyi hamumsikii, na kwenye daftari mambo hayo mawili yanaonekana sawa. Vipindi baina ya pepo ni bora.

Mkija Unguja kufanya hivyo hivyo Masingini na mjini, mna tatizo jengine, kunguru. Yule mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ale taka za mji, na anakula mayai na makinda ya kila ndege mdogo anayemfikia. Mjini amejaa, penye msitu mnene hupungua. Utaona ndege wadogo wanaongezeka kadiri unavyopanda, na sababu ni yeye, si kupanda. (Kwa hesabu ya wanasayansi kunguru naye ni ndege mwimbaji, wa ukoo ule ule mkubwa wa chozi na kinengenenge. Wanafunzi hawatakuamini, lakini ndivyo.)

Kukamata ndege kwa kupima bawa na uzito kunahitaji kibali, nyavu maalumu na mtu aliyefundishwa kuwatoa bila kuwavunja, kwa hiyo acheni. Ulimbo msiuguse kabisa. Ndege aliyenasa akatolewa akiwa hai mara nyingi manyoya yake yameshaharibika na hafiki siku ya pili. Manyoya ya kuku na rekodi za simu zinawatosha kwa mwaka mzima.

Na yule aliyeuliza kama kinengenenge wa Kilimanjaro akiletwa huku atageuka njano: hapana. Mwili wake ungejirekebisha ndani ya wiki chache, kama wa yule shomoro wa Andes. Manyoya ni mambo mengine. Rangi ya njano ya vinengenenge inatoka kwenye chakula, lakini wapi iwekwe na kwa wingi gani mwilini, hilo amerithi. Akibadilisha manyoya atatoa yale yale ya kijani, na watoto wake vilevile, na duara la jicho pana vilevile. Ila akipata mwenza wa hapa, huenda wakazaliana, na hilo ndilo la kuogopa. Kinengenenge wa Pemba hayuko pengine popote duniani. Damu ngeni ikiingia humu hakuna akiba ya kurudia. Mwambie wa Marangu tumwache Marangu, hata kwa majaribio.